Insha ya Dada

Insha ya kwanza niliyoiandika vizuri haikuwa na jina langu. Ilikuwa na jina la dada yangu, na yeye ndiye aliyeipeleka Kasulu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko kwetu Gwarama nasubiri matokeo na kumsaidia mama shamba la muhogo. Dada, ambaye ananizidi miaka miwili tu, alikuwa ameingia ualimu mapema na anafundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi Kibondo. Cheti alikuwa nacho, sasa alikuwa anatafuta stashahada kwa utaratibu wa walimu walio kazini: muhula anafundisha, likizo anakwenda chuoni Kasulu, na katikati anapewa maswali ya kuandikia insha. Alikuwa na mtoto mchanga, na darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja. Mumewe alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Akanipigia simu niende nikakae naye, nimshikie mtoto.

Siku ya tatu baada ya kufika, alinionyesha insha iliyorudishwa. Swali lilikuwa hili: lugha ya nyumbani ni kikwazo kwa mwanafunzi anayejifunza Kiswahili? Jadili. Dada alikuwa amejaza kurasa saba. Mkufunzi naye alikuwa amejaza pembeni kwa wino mwekundu. Kwenye aya ya kwanza aliandika, "Unanieleza lugha ni nini. Sikuuliza hilo." Chini kidogo, "Hoja yako iko wapi?" Ukurasa wa tatu, "Aya hii ina mambo manne. Nishike lipi?" Kila palipoandikwa "inasemekana" alikuwa ameweka maneno mawili: "Nani kasema?" Na mwisho kabisa, "Unajua mengi lakini umeyamwaga. Rudia."

"Nisaidie kuipanga tu," dada alisema. "Mambo ninayo. Mpangilio ndio sina, na kichwa kimechoka."

Kesho yake alipokwenda shuleni, nilimlaza mtoto, nikachukua daftari la zamani na kuzikata karatasi zake vipande virefu. Kila jambo lililokuwa katika zile kurasa saba nililiandika kwenye kipande chake. Nikatandika mkeka uani, nikavipanga, na juu ya kila kipande nikaweka kijiwe kwa sababu ya upepo. Nilianza na wino mwekundu wa mkufunzi, kana kwamba alikuwa ameniandikia mimi. Anauliza hoja iko wapi. Basi nikajilazimisha kujibu swali zima kwa sentensi moja. Ilinichukua asubuhi yote. Niliandika: lugha ya nyumbani si kikwazo, kikwazo ni mwalimu asiyejua lugha hiyo inafanya nini sikioni mwa mtoto.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwa na ukatili wake. Kila kipande nilikiuliza: unaisaidia sentensi hii? Kisichosaidia nilikitoa kwenye mkeka, hata kama kilikuwa kizuri. Vilivyobaki nikavikusanya kwa ukoo wao, kila ukoo aya yake, na kila aya ikaanza kwa kusema wazi imekuja kufanya nini. Wale wanaoamini kwamba mtoto akizoea Kiha nyumbani ameharibika, nikawapa aya nzima waseme, tena waseme vizuri, ndipo nikawajibu. Nilijifunza hayo yote kutoka kwa maneno mekundu ya mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Kilichokosekana kilikuwa ushahidi. Hapo nikakumbuka darasa la pili. Katika nyumba yetu r na l tulizitamka kama herufi moja. Siku moja niliandika kwenye daftari, "Mwalimu, karamu yangu imepotea." Mwalimu akaisoma kwa sauti mbele ya darasa. Akaniuliza, "Karamu? Nani amekualika?" Darasa likacheka. Akanisimamisha ubaoni niseme kalamu, kalamu, mpaka nikalia, na bado sikusikia tofauti aliyokuwa akiitaka. Dada ndiye aliyenikalisha nyumbani, akanishika kidevu na kunionyesha ulimi unapogusa.

Nikaliandika hilo, kwa nafsi ya kwanza, katika aya ya tatu.

Dada aliporudi mchana aliisoma yote akiwa ananyonyesha. Alipofika kwenye karamu alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Hapa usiguse," alisema.

Aliinakili kwa mwandiko wake, neno kwa neno, na juu akaweka jina lake la ndoa. Likizo iliyofuata akairudisha chuoni. Ilipata alama ya juu kuliko zote. Nilimwandikia nyingine mbili kabla matokeo yangu hayajatoka, na sikuona kosa. Huyu ndiye aliyenilipia ada tangu baba alipofariki. Ningemwambia nini?

Matokeo yalipotoka, nikapangiwa chuo kilekile cha Kasulu, mimi nikiwa mwanafunzi wa kukaa bwenini. Dada alinisindikiza na kulibeba sanduku langu mpaka mlangoni.

Mkufunzi wa wino mwekundu alikuwa mzee mwembamba, mwenye sweta mwaka mzima, maana asubuhi za Kasulu zina baridi. Muhula wa kwanza, kipindi cha uandishi, aliingia na rundo la karatasi zilizotolewa kopi, akatugawia.

"Nataka muone insha iliyopangika inavyokaa," alisema. "Jina nimelifuta. Iliandikwa na mwalimu aliyekuwa kazini, mwenye mtoto mgongoni. Kwa hiyo asiniambie mtu hapa kwamba hana muda."

Niliitazama karatasi yangu. Ulikuwa mwandiko wa dada, zile a zake za duara, za mtu aliyezoea kuandikia watoto ubaoni. Chini ya mwandiko huo kulikuwa na maneno yangu.

Alituchambulia saa nzima. Sijawahi kusikia mtu akikieleza vizuri hivyo kitu nilichokifanya. "Tazameni utangulizi. Hazunguki. Sentensi ya nne anakwambia anasimama wapi. Sasa soma sentensi ya kwanza ya kila aya, ruka zilizobaki. Umeona? Insha nzima umeipata. Hapa, aya ya tano, anamkaribisha mpinzani na kumpa kiti. Ninyi mpinzani mnamsukuma mlangoni. Na hitimisho: harudii utangulizi kama kasuku. Anauliza, kama haya ni kweli, chuo cha ualimu kifanye nini?"

Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo mtoto wa karamu ni wa kweli au ametungwa?"

"Wa kweli," mkufunzi akajibu. "Kitu kama hicho hakitungiki."

Darasa lilikuwa linacheka, lakini kwa upole, kicheko cha watu wanaomhurumia mtoto. Mimi niliangalia meza. Nilijisikia fahari, halafu uchungu, na nilishindwa kujua kipi kilitangulia. Jirani yangu aliniuliza kama ninaumwa.

Wiki mbili baadaye tukapewa kazi: andika insha kuhusu tatizo moja la kufundisha Kiswahili katika wilaya unayotoka. Nilikaa nayo siku nyingi. Kila nilipoanza, mkono ulishika njia ileile, kwa sababu hiyo ndiyo njia niliyokuwa naijua. Nilibadilisha maneno, lakini yakarudi kwa mlango mwingine. Na nilipofika mahali pa ushahidi, nikaandika habari ya karamu. Ningeweza kuiacha. Niliiona hatari yake kabisa. Lakini kiburi kiliniambia, hili ni lako, lilikupata wewe, kwa nini ulikimbie kama mwizi?

Alhamisi moja mkufunzi akaniita ofisini. Insha mbili zilikuwa mezani, ya dada na yangu, zimepigiwa mistari mahali palepale.

"Kaa," alisema. "Ile insha niliyowagawia umeisoma?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umeisoma mno. Mpangilio nimewapa ili muuige, sina neno. Lakini maneno? Na mfano?" Aligusa aya ya tatu. "Huyu mwalimu wa watu alisimamishwa ubaoni akiwa mtoto mdogo. Wewe unakuja kuchukua machozi yake uyafanye yako?"

"Ni yangu," nilisema.

"Nini chako?"

"Hiyo habari ya karamu. Ilinipata mimi."

Alizitazama tena insha zote mbili. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ilikupata na wewe. Neno lilelile, swali lilelile la nani amekualika, kilio kilekile."

Nilifungua kinywa. Ilibaki sentensi moja tu. Nikamwona dada amesimama mbele ya watoto wake mia moja, nikakifunga.

"Una mpaka Jumatatu," alisema. "Niandikie maelezo. Ukikiri, nitakupa barua ya onyo na utarudia kazi. Ukibisha, nalipeleka mbele, na huko sitakuwa na uwezo wa kukusaidia."

Niliomba ruhusa, nikapanda gari la Kibondo mchana uleule.

Nilimkuta dada kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Mtoto alikuwa tayari anatembea na aliniogopa, hakunikumbuka. Dada alifurahi kuniona kwa muda uliotosha kunipa kigoda. Kisha akaniangalia usoni, akauliza, "Kuna nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Stashahada yake ilikuwa imetoka, na muhula huohuo walikuwa wamemfanya mwalimu wa taaluma.

"Ukisema kweli," alisema nilipomaliza, "tumekosa wote. Mimi cheti kinafutwa. Na wewe, uliyemwandikia mwingine, unadhani watakuacha? Umelifikiria hilo?"

Sikuwa nimelifikiria.

"Kwa hiyo nikubali kwamba nimeiba?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini sasa, dada?"

"Nimesema fikiria." Alirusha maharage mabovu kwa kuku. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Tena ile karamu si yako."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Si yako," alirudia. "Aliyesimamishwa ubaoni ni mimi. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Nilirudi nyumbani nalia, nikakusimulia. Nilivyokusimulia ndivyo ulivyoiandika, mpaka 'nani amekualika'. Unafikiri nililia kwa nini nilipoisoma?"

"Dada, nakumbuka ubao. Nakumbuka ulinishika kidevu."

"Kidevu nilikushika, ni kweli. Ulipoanza shule ukawa unakosea vilevile, nikakufundisha. Lakini kule mbele ya darasa nilisimama mimi."

Tulibishana mpaka maharage yakaisha kwenye ungo. Yeye alikuwa na jina la mwalimu yule, alikuwa na rangi ya sketi aliyovaa. Mimi nilikuwa na vumbi la chaki puani na aibu inayochoma masikio. Sikuweza kumshinda, naye hakuweza kuniondolea kile nilichokiona kila nilipofumba macho. Nilikuwa nimekuja kudai kilicho changu, na sasa sikujua hata kama kilikuwa changu. Mkufunzi alisema kitu kama hicho hakitungiki. Labda hakitungiki, lakini kumbe kinahama.

Kesho yake Ijumaa nilimwomba niingie darasani kwake. Nilisema nataka kuona anavyofundisha. Sijui kama aliniamini, ila alinipa kiti nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo. Aliandika ubaoni kalamu na karamu, akachora peni chini ya neno moja na sufuria yenye moshi chini ya jingine. Akawaambia watoto waweke ncha ya ulimi nyuma ya meno, wasikie. Pale ambapo Kiswahili hakikufika, alishuka kwenye Kiha bila kuona haya, kisha akapanda tena. Niliona kila kitu nilichokiandika kwenye insha yake kikitendeka, na alikifanya vizuri kuliko nilivyokiandika.

Msichana mmoja wa mbele alisimama. "Mwalimu, mimi nazisikia sawa tu."

"Najua," dada akamwambia. "Hata mimi nilikuwa nazisikia sawa. Kaa, tutazisikia taratibu."

Hakuangalia nyuma nilipokaa.

Mwishoni aliwapa imla. Nilipita kati ya madawati kumsaidia kusahihisha. Baada ya kazi yote ile nzuri, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wameandika karamu palipotakiwa kalamu. Dada alikusanya madaftari bila kushangaa.

"Ndivyo ilivyo," aliniambia tukitoka. "Wiki ijayo narudia."

Jumatatu nilimpelekea mkufunzi maelezo. Niliandika kwamba insha ya mfano ilikuwa imeniingia mno hata nikashindwa kutofautisha ya kwangu na ya mwenzangu. Kila neno lilikuwa kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Mkufunzi aliisoma, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Umefanya vema kukiri." Nikapewa barua ya onyo, nakala ikaingia kwenye faili langu, na ile kazi ikapata sifuri.

Insha ya kurudia niliiandika kutokana na ile Ijumaa. Safari hii sikuwa na vipande vya karatasi wala mkeka. Nilikuwa na hoja ileile, kwamba mwalimu anayeijua lugha ya nyumbani ya mtoto ataondoa tatizo. Lakini nilipofika aya ya nne nilikuwa na yale madaftari. Nilimwona mwalimu anayeijua lugha hiyo toka tumboni mwa mama yake, amefundisha kwa akili na kwa upendo, na watoto bado wakakosea. Ningeweza kuyaacha nje ya insha, kama nilivyowahi kuvitoa vipande kwenye mkeka. Nikayaweka. Baada ya hapo hoja yangu haikusimama tena wima. Nilijaribu kuishikilia kwa kuandika kwamba kipindi kimoja hakitoshi, kwamba pengine darasa likiwa na watoto mia hakuna lugha itakayookoa kitu. Hitimisho langu liliishia kwenye swali nisilokuwa na jibu lake.

Mkufunzi alinipa C. Pembeni ya aya ya nne, kwa ule wino mwekundu, aliandika, "Ushahidi wako unapingana na hoja yako. Ama badilisha hoja, ama eleza." Na chini, kwa herufi ndogo, "Hapa nimekusikia wewe." Niliyasoma maneno hayo mara nyingi. Yangenifurahisha kama yangetoka kwa mtu niliyemwambia ukweli.

Desemba tulikutana Gwarama kwa mama, dada na mtoto wake, na mimi. Mama hakujua lolote. Alitukalisha nyuma ya nyumba kumenya muhogo, akaona tunapeana kisu bila kusemeshana.

"Mmegombania nini ninyi?" aliuliza.

"Hamna kitu, mama," tulijibu pamoja.

Nikaona nimuulize. "Mama, kati yetu ni nani aliyesimamishwa ubaoni kwa ajili ya neno kalamu?"

Mama alifikiri. "Mlikuwa mnarudi mnalia wote," alisema. "Leo huyu, kesho huyu. Mimi nitajuaje mlichokuwa mnalilia? Shule sikuijua." Akanyanyuka kwenda kutazama moto.

Tulibaki wawili. Dada alimenya muhogo mmoja mpaka mwisho, akauweka kwenye beseni.

"Nilikwenda Kasulu mwezi uliopita," alisema. "Nilifika mpaka mlangoni kwa mkufunzi wako."

Nilimgeukia. "Ukamwambia?"

"Alikuwa na mgeni ndani."

"Ungesubiri."

"Nilisubiri. Kuna benchi pale nje. Nilikaa mpaka mgeni akatoka, na mlango ukawa wazi. Aliniona. Akanisalimia, akaniambia insha yangu bado anaifundishia."

"Halafu?"

"Nikamwambia asante." Alichukua muhogo mwingine, akaugeuza mkononi bila kuukata. "Nikaondoka."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na haki, nadhani. Lakini mimi mwenyewe nilimpita mkufunzi huyo kila siku koridoni, nikimsalimia shikamoo, na sijawahi kukaa hata kwenye lile benchi. Mama alituita kutoka jikoni tumpelekee maji. Dada akainua ndoo upande mmoja, nami nikainua upande wa pili, tukaingia ndani.